Senene Ambao Dada Kemi Hakuwala

Nikiwa bado mtoto wa kutumwa kuni na maji, pale kwetu Ijumbi, kulikuwa na kitu kimoja ambacho Muleba nzima ilikila isipokuwa nyumba yetu, nacho ni senene, wale panzi wa kijani wa kuliwa. Najua unacheka. Mtu wa Kagera asiyekula senene anatoka wapi? Lakini ukoo wa tata, yaani baba yetu, muziro wake ni senene. Muziro ni kile ambacho ukoo wako umekatazwa kukila tangu huko kwa mababu. Wengine ni mnyama fulani wa porini, wengine ni samaki wa aina fulani, wala hawahangaiki, maana hata wangetaka kumla wangempata wapi. Sisi tukapewa senene, wanaoanguka wenyewe mlangoni. Huyo babu aliyetuchagulia sijui alikuwa na akili gani. Si angechagua tembo tu tukaishi kwa amani.

Bibi, mama yake tata, ndiye alikuwa askari wa muziro wetu. Senene wakianza kushuka alikaa kizingitini na fimbo yake, anatuangalia midomo. Alikuwa na maneno yake yale yale kila mwaka.

"Wewe kula tu. Utapukutika. Unaona anavyopukutwa mabawa? Na wewe utapukutika hivyo hivyo, asubuhi tunakufagia."

Sisi watoto tulikuwa tunaziba midomo kwa mikono. Nilikuwa nikiona mabawa ya senene yamejaa chini nyumba za jirani, yale meupe mepesi yanayopeperuka ukipumua, naona kama ngozi za watoto wabaya.

Sasa shida ilikuwa kwa mama. Mama tulimwita mawe, ndivyo Wahaya tunavyomwita mama. Mtu wa Dar akitusikia anadhani tunataka kurushiana. Mawe alitoka Kimwani, ukoo wake senene wanakula na wanalamba vidole. Kuolewa hakumbadilishii mtu muziro wake, kwa hiyo yeye alikuwa na haki ya kula. Alikuwa na kikaango chake cha udongo, amekiweka nyuma ya jiko, hakiingii ndani. Anakaangia huko huko kibanjani katikati ya migomba, wanatoa mafuta yao wenyewe, anatia chumvi, anakaa kwenye kigoda chake anatafuna peke yake kama malkia. Akimaliza ananawa kwa majivu mpaka kwenye viwiko ndipo anagusa sahani zetu. Tulikuwa tunakaa upande upepo unakokwendea, tunavuta harufu. Harufu haikukatazwa.

Dada yangu Kemilembe, Kemi, alikuwa mkubwa kwangu. Tulilala kitanda kimoja. Alikuwa karibu kumaliza la saba, na alikuwa anasoma mafundisho ya kipaimara, sisi ni Walutheri. Akatokwa na kitu kwenye viwiko. Kwanza wekundu, halafu juu yake magamba meupe yanayong'aa. Kikaenda kwenye magoti, kikapanda mgongoni. Akijikuna yanadondoka, na chini yake panatoa vidamu vidogo kama umechomwa na sindano. Asubuhi nikikunguta shuka letu, vinapeperuka vitu vyeupe.

Bibi akaviona.

"Kemi, njoo hapa. Umekula nini?"

"Matoke, bibi."

"Nakuuliza umekula nini."

"Matoke na maharage. Tumekula wote."

"Matoke hayamtoi mtu mabawa."

Basi ikawa hivyo. Kuanzia siku ile hakuna aliyemuuliza dada panauma wapi, panawasha namna gani. Swali lilikuwa moja tu, umekula nini. Na dada naye alikuwa na shida moja tu duniani, aaminiwe kwamba hakula. Ngozi alikuwa anaivumilia. Siku moja kisimani, tumeinama tunateka maji, akaniambia, "Koku, mimi sijalamba hata mguu wake. Unaniamini?" Nikamwambia naamini. Nilikuwa naye mchana na usiku, angekula saa ngapi? Harufu ya senene inakaa mdomoni mpaka kesho yake, na mimi pua yangu haijawahi kunidanganya.

Nikaenda kumwambia bibi. Nikasema, "Bibi, Kemi hajala, mimi nalala naye ningesikia harufu." Nikapigwa kofi nikaona nyota. "Wewe mdomo huo utakuponza." Mdomo wenyewe ndio huu ninao mpaka leo, na haujaniponza, umewaponza wengine.

Tata akampeleka dada kwa mganga. Tata mwenyewe mwimba kwaya, anajua nyimbo zote bila kitabu, kwa hiyo alipita njia ya nyuma, ya kwenye mashamba ya mikahawa. Nilikwenda nao kubeba kuku. Tunatokeza kwa mganga, tunamkuta nani? Mzee wa kanisa, yule aliyekuwa anatukemea kila Jumapili tusiende kwa waganga. Wakatazamana. Mzee wa kanisa akasema, "Natafuta mbuzi wangu." Tata akasema, "Hata mimi natafuta mbuzi." Nikawaangalia wote wawili, na huyo kuku mkononi kwangu. Nikicheka leo machozi yananitoka, lakini siku ile hakuna aliyecheka.

Mganga akamtazama dada viwiko, magoti, mgongo. Akasema, "Hii ni muziro. Dawa yake ninayo. Ila dawa hii haimshiki mtu anayeficha. Aseme kwanza mbele ya ukoo kwamba amekula, ndipo itamshika."

Dada akasema, "Sikula."

"Basi mrudisheni nyumbani akakumbuke vizuri."

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, na sitaki mtu aniambie nisamehe maana wazee walikuwa hawajui. Nielezee wewe, dawa gani hiyo? Ukisema umekula, umekula. Ukisema hujala, unaficha, ndiyo maana huponi. Ukizidi kuumwa ndiyo unazidi kuonekana mwongo. Mtoto wa watu anaamka asubuhi, anaangalia kiwiko chake, na kiwiko chake mwenyewe kinamshuhudia vibaya.

Dada alishikilia hivyo hivyo. Hakula, hakula, hakula. Ukapita muda. Magamba yakamwingia masikioni. Watoto shuleni wakawa hawakai naye dawati moja, wanamwita Mabawa. Bibi naye alipoona mtoto hatoi neno, akageukia upande mwingine.

"Huyu hakukijua kikaango mwenyewe," akasema. "Kuna aliyemlisha."

Kila mtu akaelewa anasemwa nani.

Wanaume wa ukoo wakaitwa. Walikaa uani jioni, kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, katikati, wanapokezana mrija. Mawe alikuwa ameketi pembeni chini, mdogo wetu mgongoni. Baba mkubwa ndiye aliyeongea. Alisema hawana ugomvi na mke wa mdogo wao, mke ni mchapakazi, kibanja chake kisafi. Lakini mwanamke aliyeingiza muziro tumboni kwa mtoto wa ukoo anarudi kwao, ndivyo walivyokuta, wao hawawezi kubadilisha. Watoto wanabaki.

Nikamtazama tata. Tata anatazama rubisi.

Mawe akasema, "Mimi sikumlisha. Sijui kama alikula au hakula. Mimi sikumlisha."

Sikia hilo neno. Sijui kama alikula au hakula. Hata yeye.

Dada alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amefunika mikono na khanga. Akasema, sauti yake ya kawaida kabisa, kama mtu anayetoa taarifa kwamba maji yamekwisha, "Nilikula. Mawe alikuwa ameenda kisimani. Nilichukua mwenyewe kwenye kikaango."

Mrija ukaachwa kwenye kibuyu.

Baba mkubwa akauliza, "Ulikula wangapi?"

"Wengi."

"Walikuwa wamekolea chumvi?"

Nakuapia aliuliza hivyo. Mtu mzima amekaa anahukumu, mate yanamtoka. Dada akasema hakumbuki chumvi.

Bibi akapiga makofi, akasema, "Nilisema mimi." Wanaume wakavuta rubisi, wakasema mambo yamekwisha, mke akae, mtoto apelekwe kwa mganga. Mawe akainuka. Nilidhani anakwenda kumshika dada mkono. Akampita. Akazunguka nyuma ya jiko, tukasikia kikaango kinapasukia kwenye jiwe. Akarudi, akamwambia dada, "Umeniibia, halafu umeniweka barazani." Hakula senene tena maishani mwake. Na dada angemjibu nini? Angesema sikuiba, mawe anarudishwa Kimwani siku hiyo hiyo.

Asubuhi yake akaanza dawa. Naieleza vizuri ili uone ilivyokuwa. Mganga alichanganya samli na majivu ya majani yake, sijui majani gani. Dada anapakwa mikono, miguu, mgongo, halafu anakalishwa juani kwenye mkeka, pale uani tunapoanikia kahawa. Kila asubuhi. Ulikuwa msimu wa kiangazi, kahawa inaanikwa, na dada naye anaanikwa. Bibi akipita kugeuza kahawa anamgeuza na yeye.

Akapona.

Nasema akapona maana ndivyo tulivyoona kwa macho yetu. Magamba yakalainika, yakatoka, wekundu ukafifia. Kahawa inafungwa kwenye magunia, dada viwiko vimebaki na alama tu. Bibi akamtembeza kwa majirani kama ndama aliyemnunua mnadani. "Mmeona? Alisema, ikamtoka. Mkaidi ndiye anayeteseka bure." Watu wakaja kumshika mikono. Mawe naye akamwangalia, na nikaona usoni kwake kwamba kama palikuwa na shaka kidogo imebaki, imekwisha. Dawa imeshika. Kwa hiyo alikula.

Mimi mwenyewe nilichanganyikiwa. Nilijua hakula, lakini nilimwona amepona. Nikamuuliza kisimani, "Kemi, kweli hukula?" Akajitwisha ndoo yake, akaondoka.

Mvua zikaja. Wiki nzima hulioni jua, ukungu umelala kwenye migomba mpaka mchana. Na mvua zikija senene nao wanashuka, watu wanakimbizana nao majanini asubuhi. Na dada magamba yakarudi. Yalirudi na jamaa zao, yakapanda mpaka kwenye paji la uso.

Unajua walisema nini. Amekula tena.

Kipaimara kilikuwa karibu. Gauni jeupe limeshashonwa, mikono mirefu. Kanisani kwetu meza ya Bwana tunakunywa kikombe kimoja, kinazunguka. Akina mama wakaenda kwa mchungaji, wakasema hawana neno na mtoto, ila kikombe. Mchungaji hakumkataza, yeye akatafuta njia ya katikati, akasema basi Kemilembe atakuja wa mwisho, baada ya wote. Dada alivua lile gauni, akalikunja vizuri, akampa mawe. Akasema, "Mpe Koku akikua. Mimi wa mwisho siendi."

Wakampeleka Bukoba mjini kwa jamaa yake tata, akalee mtoto na kufua. Shule ikaishia hapo. Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu ya mtu aliyekula senene ambao hakuwala.

Sasa niseme ya ukubwani. Dada alikaa Bukoba, akaolewa, akafungua kibanda cha nguo, watoto anao. Magamba yanakwenda yanarudi. Kuna mwaka aliuziwa tyubu sokoni, tyubu ndogo yenye picha ya mwanamke anang'aa. Aliyemuuzia akamwambia inamaliza kila kitu. Na kweli. Ndani ya siku chache viwiko vinateleza kama kiatu cha bwana harusi. Alinipigia simu anacheka. Akapaka, akapaka, akawa anapaka mwili mzima asubuhi na jioni. Ngozi ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, ukimshika panavilia damu. Akaacha. Alivyoacha, ikalipuka, akawa mwekundu mwili mzima, anatetemeka baridi saa sita mchana, tukamkimbiza hospitali. Huyo mwuza tyubu nilimtafuta soko zima. Bahati yake alikuwa amehama.

Hospitali ndipo tulipomkuta daktari wa ngozi, msichana mdogo, nilidhani ni nesi nikamwita mwanangu. Alimtazama dada mpaka kwenye kucha. Dada akamwambia kwa utani, ule utani wake mkavu, "Daktari usihangaike, mimi nilikula senene."

Daktari hakucheka. Akauliza, "Mama, inakuwa nafuu wakati gani wa mwaka?"

"Kiangazi."

"Na inakuwa mbaya wakati gani?"

"Wakati wa senene."

"Wakati wa mvua," daktari akasema.

Tukatazamana mimi na dada. Mtu anakaa na kitu kichwani maisha yake yote, halafu msichana mwenye koti jeupe anabadilisha neno moja.

Akatueleza. Ugonjwa una jina lake, soriasisi, mimi ulimi wangu unakwama naishia njiani. Akasema hauambukizi, si kwa kikombe, si kwa shuka, si kwa dawati. Hautokani na senene. Ni mwili wenyewe unajigombeza, ngozi inaota haraka kuliko inavyotakiwa, na mara nyingi unatembea kwenye damu ya familia. Jua kidogo la asubuhi linawasaidia wengi, mafuta yanalainisha magamba. Nikamuuliza, kwa hiyo ile samli ya mganga na ule mkeka? Akasema, "Hivyo vinaweza kuwa vilimsaidia kweli." Nikauliza, na kule kusema mbele ya ukoo? Akasema, "Hapana. Huko hakukusaidia kitu."

Dada akamuuliza swali moja tu. "Nitapona?"

"Sitakudanganya, mama. Hauishi. Unatulizwa. Utatulia muda mrefu, siku nyingine utaamka, tunautuliza tena."

Sijui kama unaelewa tulivyofurahi kusikia hivyo. Watu wote waliowahi kumtibu dada walimwahidi utaisha kabisa, na ukirudi ikawa ni kosa lake. Huyu wa kwanza kumwambia utarudi na si kosa lako.

Wakampa mafuta ya kupaka yanayonuka lami, nyumba nzima ikawa inanuka kama barabara mpya. Yakasaidia, yakapunguza, hayakumaliza. Wakaja kumwanzishia vidonge, vile vya kumeza mara moja kwa wiki, kila siku hapana, na lazima apimwe damu maana vinaweza kuchokoza ini. Vilikuwa vinamtia kichefuchefu. Lakini taratibu mgongo ukasafika, magoti yakasafika. Kwenye viwiko pamebaki mahali padogo pamekataa kuondoka, anapaita wapangaji. Kuna miezi dawa haipatikani, anahangaika, inarudi, anaanza upya. Ndivyo zinavyofanya kazi. Ukitaka dawa ya kukumalizia kila kitu nenda kamtafute yule wa tyubu, na ukimpata nipigie simu.

Nilidhani hasira yangu imefika mwisho wake hapo. Kumbe nilikuwa sijaona kitu.

Mwaka jana mawe aliugua mkono, ukawa hauinuki. Ni mzee sana sasa, bado yuko pale Ijumbi, bibi na tata wameshakwenda, mimi ndiye ninayemtunza. Mawe maisha yake yote hajawahi kuvua kitambaa mbele yetu. Kitambaa kichwani asubuhi, kitambaa kichwani usiku, sisi tulijua ndiyo heshima yake. Anaoga mwenyewe, anajiosha kichwa mwenyewe, mlango umefungwa. Safari hii mkono hauinuki, ikabidi nimwoshe mimi. Nikaleta beseni, nikamvua kitambaa.

Wanawake wenzangu, nilikaa chini na sabuni yangu.

Kichwa chote. Kuanzia kwenye paji linapoanzia nywele mpaka kisogoni, nyuma ya masikio, magamba yale yale, meupe, yanayong'aa, na wekundu ule ule chini yake. Niliyajua kama ninavyojua uso wangu, nimelala nayo kitanda kimoja.

"Mawe, hii ni nini?"

"Mba tu hiyo," akasema. "Osha, maji yanapoa."

"Tangu lini?"

"Tangu usichana wangu, kule Kimwani. Hata mama yangu alikuwa nayo. Hata bibi yenu aliniona nilipoolewa, akanipa limau nipake. Limau haikusaidia, inachoma tu."

Aliongea hivyo bila wasiwasi wowote, anangoja nimmwagie maji. Bibi aliona. Bibi yule yule, aliona magamba yale yale kwenye kichwa cha mkwewe, akampa limau. Hakuita wanaume, hakuna aliyeletewa rubisi, hakuna aliyeulizwa umekula nini. Maana mawe ukoo wake senene wanakula, kwa hiyo kwake ilikuwa mba. Dada ukoo wake hawali, kwa hiyo kwake ikawa muziro. Nyumba moja, ugonjwa mmoja, mmoja kapewa limau, mwingine kapewa kesi.

Nilimpigia dada simu nikamwambia njoo, usiulize. Alikuja kesho yake. Mawe alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, nimemfunga kitambaa, sikumwambia chochote. Kati yao wawili palikuwa hivyo siku zote, wanasalimiana, wanaulizana hali ya watoto, dada analeta sukari na sabuni, halafu wanatazama upande tofauti.

Nikamvua mawe kitambaa.

Dada alisimama. Akasogea. Akagusa nyuma ya sikio la mawe kwa kidole kimoja, pole pole, kama mtu anayejaribu chai kama ni ya moto. Halafu akafungua mkoba wake, akatoa mafuta yake ya lami, akaanza kumpaka. Anagawa nywele kwa vidole, anapaka mstari, anagawa tena. Hakuna haraka.

Mawe akasema, "Yananuka."

"Yananuka, lakini yanasaidia."

"Ni ya mba?"

"Si mba, mawe. Ni hii yangu." Akapandisha mkono wa gauni, akamwekea kiwiko mbele ya macho. "Tazama. Ni kitu kimoja. Daktari alisema inatembea kwenye damu."

Mawe alikitazama kile kiwiko. Macho yake hayaoni vizuri, akakishika, akakipapasa kwa dole gumba. Nafikiri hakuwahi kukigusa tangu ile jioni ya rubisi.

"Kwa hiyo hukula," akasema.

"Sikula."

"Lakini ulisema."

"Wangekurudisha Kimwani."

Kuku walikuwa wanaparura chini ya mikahawa. Mawe hakuachia kiwiko.

"Na mimi nilikuamini," akasema.

Dada alimaliza kupaka, akamfunga kitambaa kipya, akaenda kunawa mikono. Alikaa huko kwenye maji muda mrefu.

Nimelifikiria sana lile neno. Dada yangu alisema ukweli miezi na miezi, kwa kila aliyemuuliza, na hakuna aliyemwamini isipokuwa mtoto mwenye mdomo. Akasema uongo mara moja, wakamwamini wote, mpaka mama yake. Watu wakinisikia ninavyosimulia habari ya mbuzi waliopotea na ya chumvi ya baba mkubwa wanacheka, na mimi nacheka nao, nacheka kuwazidi. Nikirudi ndani bado nina hasira. Kama samli ile na jua lile visingefanya kazi kabisa, labda wangetilia shaka, labda mtu mmoja angeuliza. Lakini vilifanya kazi, na kilicholipwa sifa ni kule kukiri.

Kichwa cha mawe sasa kimetulia. Akijikuna kidogo ananiita, anasema leta yale yanayonuka, na hasemi tena mba.